Tano ya Maili si Tano ya Kilomita: Kuisoma Mashine ya Kukimbilia kabla ya Kuipanda



Ndugu wasomaji, mashine za kukimbilia zimekuwa si kitu cha jimu peke yake. Siku hizi utaikuta ukumbini, barazani, au chumba cha watoto ikiwa imeanikwa nguo. Nyingine zimenunuliwa mpya, nyingine zimekuja zikiwa zimeshatumika kutoka Dubai, Uingereza au Marekani, na nyingine ni zawadi ya jamaa aliye nje ambaye amemkumbuka mzee wake nyumbani.

Wanaozitumia nao ni wa namna mbalimbali. Kuna baba aliyeambiwa na daktari kuwa sukari imepanda na lazima atembee kila siku. Kuna mama ambaye angependa kukimbia lakini haoni raha kukimbia barabarani mbele ya macho ya watu. Na kuna kijana aliyejiandikisha mbio za kilomita 21. Wote watatu hupanda juu ya mkanda uleule na hutazama namba ileile kwenye kioo. Tunachotaka kukieleza leo ni kwamba namba ile, ikiwa hujui kipimo chake, haikwambii kitu. Kwa kijana itamharibia mazoezi yake. Kwa yule baba inaweza kumwangusha.

Tuchukue mfano wake. Daktari amemwambia atembee kwa kasi ya kilomita tano kwa saa, nusu saa kila siku. Hiyo ni kasi ya mtu anayewahi jambo lakini hakimbii, na ni agizo zuri kwa mtu wa umri wake. Anarudi nyumbani, anapanda mashine iliyotoka Marekani, anabonyeza mpaka kioo kionyeshe 5. Lakini mashine ile imepangwa kwa maili. Tano yake ni maili tano kwa saa, nazo ni kilomita nane. Kwa kilomita nane kwa saa ni watu wachache wanaoweza kutembea. Miguu yenyewe hugeuka ikaanza kukimbia. Kwa watu wengi mgeuko huo hutokea karibu na kilomita saba kwa saa. Kwa hiyo baba amepewa dawa ya kutembea, naye anakimbia, bila ya kujua, akiwa na miaka sitini na moyo ambao haujakimbia tangu alipomaliza skuli. Na akiona anahema sana atajilaumu mwenyewe kuwa amezeeka, wala hatailaumu mashine.

Kilomita ni mita 1,000. Maili ni mita 1,609 na kitu kidogo. Kwa ukamilifu ni mita 1,609.344, kipimo kilichotokana na makubaliano ya mwaka 1959 ambapo Marekani, Uingereza na nchi nyingine zinazozungumza Kiingereza zilikubaliana urefu mmoja wa yadi. Maili basi ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Sisi visiwani maili si mgeni wetu. Unguja tunazo Meli Nne na Meli Tano, na bara wana Kibaha Maili Moja, majina yaliyobaki kutoka zama ambazo barabara zilihesabiwa hivyo. Lakini kizazi cha leo kimesoma kilomita skuli, kinaona kilomita barabarani, na akili yake inapoona namba ya masafa inasoma kilomita bila ya kuuliza.

Hapa tuingize jambo moja kwa sababu tunalisikia likichanganywa. Msomaji wa vitabu vya fiqhi atakutana na maili pia, katika mlango wa kupunguza Swala safarini: barid nne, ambazo ni farsakh 16, ambazo ni maili 48. Maili hiyo si maili ya Kiingereza iliyo kwenye mashine. Ukizidisha 48 kwa kilomita 1.609 utapata kilomita 77, na wanazuoni wa zama hizi wanapoibadilisha wengi hutaja kilomita 80 au zaidi, kwa hesabu zinazotofautiana. Suala la safari lina wenyewe na lina mahali pake. Tunachosema ni kwamba neno moja linaweza kubeba vipimo viwili, na kalkuleta ya simu haitakuuliza unakusudia kipi.

Turudi kwenye mashine. Kwa nini maili zimo humo? Kwa sababu mashine hii, kwa sura yake ya leo ya nyumbani, ni mtoto wa Marekani. Mwaka 1952 Wayne Quinton na daktari wa moyo Robert Bruce, wa Chuo Kikuu cha Washington, walitengeneza mashine ya kutembezea wagonjwa ili kupima moyo ukiwa kazini. Hiyo ilikuwa ya hospitali. Ya nyumbani ilikuja baadaye, kwa mkono wa mhandisi mmoja aliyeitwa William Staub. Staub alisoma kitabu cha daktari Kenneth Cooper kiitwacho Aerobics, kilichotoka mwaka 1968, akaona humo kuwa mtu anayekimbia maili moja kwa dakika nane, mara nne au tano kwa wiki, atakuwa na afya njema. Akaona watu wangefanya hivyo nyumbani, mbali na mvua na baridi, kama wangepata mashine nyepesi. Akaiunda, na yeye mwenyewe akaitumia mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 96. Ukitazama, mashine yenyewe ilizaliwa ndani ya hesabu ya maili: maili moja, dakika nane. Kwa lugha yetu hiyo ni kilomita 12 kwa saa, kasi ambayo anayeanza leo asiithubutu.

Sasa, utajuaje mashine yako inahesabu nini? Njia ya kwanza ni kutazama herufi karibu na namba ya kasi. Ukiona km/h au KPH, ni kilomita. Ukiona mph, ni maili. Lakini mashine nyingi haziandiki chochote, au maandishi yamefutika kwa jasho na vidole, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama.

Wengine hujaribu kuipima kwa hesabu yake yenyewe. Wanaweka 6, wanatembea dakika kumi, wanaona kioo kinaonyesha masafa 1.00, wanasema: sahihi, ni kilomita. Hapana. Sita kwa saa ni moja kwa dakika kumi, iwe kilomita, iwe maili, iwe farsakh. Mashine inakubaliana na nafsi yake siku zote, kwa hiyo ushahidi wake juu yake mwenyewe haufai.

Zipo dalili bora zaidi. Tazama namba inayotokea mkanda unapoanza tu kusogea. Mashine nyingi za maili huanza na 0.5, na nyingi za kilomita huanza na 0.8 au 1.0, kwa sababu nusu maili ni kilomita 0.8. Kisha tazama mwisho wake, kwa kusoma kibandiko au kitabu na si kwa kuipandisha ukiwa juu yake: mashine ambayo mwisho wake ni 10 au 12 mara nyingi ni ya maili, na ambayo mwisho wake ni 16 au 20 mara nyingi ni ya kilomita. Dalili ya tatu tunaipenda zaidi. Mashine nyingi hukuuliza uzito wako kabla ya kuanza. Ikikupa namba ya kuanzia kama 150, basi inadhani unapimwa kwa ratili za Kiingereza, na mashine inayopima watu kwa ratili hupima njia kwa maili. Ikikupa 70, ni kilo, na hapo utarajie kilomita. Tumesema mara nyingi, hatukusema kila mara, kwa hiyo dalili moja isikutoshe; zikikubaliana mbili au tatu, moyo utatulia.

Na kuna kipimo cha mwili. Anza chini kabisa, pandisha kidogo kidogo, huku mkono mmoja uko karibu na chuma cha kushikia. Ukifika 5 na bado unatembea, kwa haraka lakini unatembea, ni kilomita. Ukiwa 4 na nusu tu na miguu inataka kuruka, ni maili, shusha. Mwenye maradhi ya moyo, presha au sukari asiwe yeye wa kufanya jaribio hili. Afanye kijana wa nyumbani, kisha amwandikie mzee jibu kwa herufi kubwa na kulibandika kwenye kioo.

Mashine nyingi zinaweza kugeuzwa kutoka maili kwenda kilomita. Kila kampuni na njia yake: baadhi hushika vitufe viwili pamoja wakati wa kuchomeka ufunguo wa usalama, baadhi wana orodha ya mipangilio ndani ya kioo. Kitabu chake, hata kama kimepotea, mara nyingi hupatikana mtandaoni kwa kuandika namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko karibu na mota. Ushauri wetu ni kuigeuza mara moja iwe kilomita na kusahau habari ya maili. Ikiwa haigeuki, basi shika hesabu hii ya kichwani: chukua namba ya maili, ongeza nusu yake, kisha ongeza sehemu yake ya kumi. Maili 5, ongeza 2.5, ongeza 0.5, unapata kilomita 8. Maili 4, ongeza 2, ongeza 0.4, unapata 6.4. Kwa kurudi nyuma, kutoka kilomita kwenda maili, chukua nusu na ongeza sehemu ya kumi: kilomita 10 ni maili 6 na kidogo, 6.2 kwa usahihi. Kwa mazoezi ya nyumbani inatosha.

Yule baba basi, kwenye mashine ya maili, agizo lake la kilomita tano kwa saa linasomeka 3.1. Namba ndogo sana kwa macho, na hapo ndipo tunapopata taabu na wazee wetu, maana wengi wao wanaona aibu kuendesha tatu wakati mjukuu anaendesha saba. Namba si heshima. Kipimo cha kweli cha mwendo wake ni pumzi: aweze kuzungumza sentensi nzima bila ya kukatika, lakini asiweze kuimba qasida. Huo ndio mwendo wa wastani ambao Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima waufanye dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inafikisha 150.

Kwa kijana wa kilomita 21 hatari ni ya namna nyingine. Yeye amepata ratiba ya mazoezi kwenye simu, imeandikwa na Mmarekani, na kila namba iliyomo ni maili. Ratiba inamwambia siku ya mapumziko ya kazi akimbie 10. Anakimbia kilomita 10, anafurahi, anaandika amekamilisha. Alitakiwa akimbie kilomita 16. Wiki hadi wiki anapunguza zaidi ya theluthi ya kazi, na siku ya mbio, tuseme huko Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, anafika kilomita ya kumi na mbili miguu haijawahi kufika hapo maishani mwake. Bado ana tisa mbele yake. Nusu marathoni ni kilomita 21.1 au maili 13.1, marathoni kamili ni kilomita 42.195 au maili 26.2. Ukiona ratiba yenye 13.1 au 26.2 popote ndani yake, ujue ni ya maili na zote zilizobaki ni za maili. Na mbio za kilomita tano, ambazo ndizo tunazowashauri wanaoanza, ni maili 3.1.

Kuna kipimo cha tatu ambacho wakimbiaji hukipenda kuliko kasi, nacho ni dakika kwa kila kilomita. Barabarani mkimbiaji hasemi nilikuwa kilomita kumi kwa saa. Anasema nilikuwa dakika sita. Kuhama kutoka kimoja kwenda kingine ni kugawa tu: chukua 60, gawa kwa kasi. Kasi ya 10 ni dakika 6 kwa kilomita. Kasi ya 8 ni dakika 7 na nusu. Kasi ya 12 ni dakika 5.

Mtego uko kwenye nukta. Kasi ya 7 ukiigawa kwenye 60 kalkuleta itakupa 8.57. Hizo si dakika 8 na sekunde 57. Ni dakika 8 na sehemu 57 za mia za dakika, na kwa kuwa dakika ina sekunde 60, ni sekunde 34. Jibu sahihi ni dakika 8 na sekunde 34. Tofauti ya sekunde 23 inaonekana ndogo, lakini kwa kilomita tano inakaribia dakika mbili. Mashine nazo hazisaidii: kasi huandikwa kwa nukta, kama 7.5, na muda huandikwa kwa nukta mbili, kama 7:30, na katika vioo vya zamani nukta hizo ni vidoa viwili vidogo vinavyofanana. Masafa nayo huwa kwa nukta. Ukiona 2.50 kwenye masafa ni kilomita mbili na nusu, si kilomita mbili na mita hamsini.

Na ile picha ya uwanja wenye taa zinazozunguka? Mzunguko mmoja kwenye mashine nyingi ni mita 400, au robo maili ambayo ni mita 402, kwa hiyo hapa hakuna ugomvi. Ni sawa na njia ya ndani kabisa ya kiwanja cha riadha. Mizunguko 12 na nusu ni kilomita 5. Kwa watoto na kwa asiyependa hesabu, kuhesabu mizunguko ni njia nzuri kuliko zote.

Tuseme sasa mama yetu anataka kufika kilomita tano bila ya kusimama. Mashine yake imeshajulikana, ni ya kilomita. Aanze kwa kutembea dakika tano kwa kasi ya 4 mpaka 5. Kisha dakika moja akimbie kwa 8, dakika mbili atembee kwa 5, na arudie hivyo mara nane. Hizo ni dakika 24, na kioo, ukiondoa zile tano za mwanzo, kitaonyesha kilomita 2.4. Mwenye mashine ya maili asome 5 badala ya 8, na 3.1 badala ya 5. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na kati yake siku ya mapumziko. Baada ya wiki mbili arefushe dakika za kukimbia ziwe mbili, na asiguse kasi. Kitu kimoja kwa wakati mmoja: ama muda, ama kasi, ama mlima. Wanaoumia magoti na nyama za miguu tunaowasikia, wengi wao wamepandisha vyote vitatu wiki moja kwa sababu walijisikia vizuri.

Atakapoweza kukimbia dakika 40 mfululizo kwa kasi ya 7.5, ameshamaliza kilomita tano. Hiyo 7.5 ni kasi ya heshima kabisa kwa mtu aliyeanza kutoka sifuri, na asikubali kuchekwa na wa 12.

Kuhusu mlima, yaani kuinua mashine upande wa mbele. Namba yake ni asilimia, si digrii. Asilimia 1 maana yake kila mita 100 za njia unapanda mita moja. Asilimia 10 inaonekana kidogo kwa macho, lakini kwa kilomita mbili umepanda mita 200. Jimu wengi watakwambia weka asilimia 1 daima ili mashine ifanane na barabara. Maneno hayo yana asili: utafiti wa Jones na Doust uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa asilimia 1 hufidia upepo ambao mtu wa barabarani anaukata na wa mashine haukati. Lakini waliopimwa walikuwa wakikimbia kuanzia kilomita 10 na nusu kwa saa kwenda juu. Kwa anayetembea 5 au anayekimbia 7 upepo huo ni mdogo mno, na hana haja ya kuinua chochote. Hapa kwetu kinachotofautisha zaidi ni joto. Ndani ya nyumba mwili hausogei, upepo haupiti, na kwa unyevu wa pwani jasho halikauki. Feni mbele ya mashine ina faida kuliko asilimia 1.

Na jambo moja linaloharibu namba zote: kushikilia chuma. Ukiegemeza uzito mikononi, kioo kitasema 6 na miguu imefanya kazi pungufu ya hiyo. Mzee anayehitaji kushika ashike, usalama kwanza, lakini apunguze kasi mpaka aweze kugusa tu bila ya kuegemea. Kalori zilizoandikwa pale chini msizitegemee. Mashine haijui umri wako, wala wakati mwingine uzito wako.

Umeshajua kipimo. Je, mashine inasema kweli? Mashine haioni miguu yako. Inahesabu mizunguko ya mota au ya rola na kuzidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani. Mkanda ukilegea ukateleza, au mota ikichoka chini ya uzito wa mtu, hesabu inaendelea kusema ileile. Kuipima ni kazi ya robo saa na inahitaji futi ya fundi cherehani, chaki na simu. Zima mashine na uchomoe waya. Piga alama ya chaki kwenye mkanda, kisha upime urefu wake wote kipande kwa kipande ukiusogeza kwa mkono, mpaka urudi kwenye alama. Tuseme umepata mita 3. Sasa chomeka, iwashe, weka kasi yako ya kawaida, na kijana mmoja akimbie juu yake wakati wewe pembeni unahesabu alama ikipita mara 20, huku simu inapima sekunde. Mita 3 mara 20 ni mita 60. Ikichukua sekunde 24, mkanda unakwenda mita 2.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 unapata kilomita 9 kwa saa.

Linganisha na kioo. Kikisema 9, mashine ni ya kilomita na ni mkweli. Kikisema 10, ni ya kilomita lakini inakuzidishia, na kila kumi unayoandika ni tisa. Kikisema 5.6, hakuna kosa: hizo ni maili, maana 5.6 mara 1.609 ni 9. Kipimo hiki kimoja kinajibu maswali yote mawili kwa pamoja, na ndicho tunachokipendekeza kwa kila mashine iliyoingia nyumbani ikiwa imeshatumika. Saa za mkononi hazitoi jibu hilo. Ndani ya nyumba saa hukisia kwa mtikisiko wa mkono, na ukishika chuma hukisia vibaya zaidi.

Kwa mashine ya Marekani kuna kipimo kingine cha kusoma kabla ya yote haya, nacho ni cha umeme. Kule ni volti 120, kwetu ni 230. Soma kibandiko. Ikiandikwa 110 au 120 peke yake, usiichomeke ukutani bila ya transfoma inayobeba nguvu ya mota yake, na transfoma ndogo ya redio haibebi. Umeme ukikatika ghafla mkanda husimama na mwili huendelea. Na ile kamba ya ufunguo wa usalama ivaliwe kwenye nguo kila mara. Mama mwenye baibui au buibui refu aangalie ncha ya nguo na ya mtandio visifike kwenye mkanda. Kanzu ya baba vilevile. Ukimaliza, chomoa ufunguo huo na uuweke juu ya kabati. Watoto wadogo huuona mkanda kama mchezo, na mkono mdogo ukiingia nyuma, kati ya mkanda na sakafu, huchunwa ngozi kabla mtu hajafika. Ndiyo maana mashine isiwekwe nyuma yake ikigusa ukuta. Iachiwe nafasi ya mita mbili, ili anayeteleza aanguke sakafuni na si kubanwa.

Kisha kata karatasi, uandike kwa kalamu nene na kuibandika chini ya kioo: hii ni ya kilomita, au hii ni ya maili. Chini yake andika kasi ya kila mtu wa nyumba kwa jina lake. Baba 5, au 3.1. Mama kutembea 5, kukimbia 8. Na tarehe mliyoipima kwa chaki, kwa sababu baada ya muda mkanda unaweza kulegea tena.